Mfuko wa Mwalimu Lyon

Mabinti mnaohitimu, jua ni kali na majoho ni mazito, kwa hiyo sitawachosha.

Namleta kwenu Mary Lyon, mwalimu wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1797 katika shamba la milimani, jimboni Massachusetts. Alianza kufundisha mwaka 1814, akiwa na miaka 17, kwa senti 75 kwa wiki pamoja na chakula na malazi. Walimu wanaume walilipwa zaidi. Hilo tuliache, waajiri wapo hapa mbele.

Kilichomkera zaidi ni kuona shule nzuri za wasichana zikifunguliwa na kufa. Shule ilikuwa ya mwalimu mwenyewe: akiugua au akiolewa, mlango unafungwa. Vyuo vya wavulana vilikuwa na bodi, majengo na fedha za akiba, hivyo mkuu akiondoka huletwa mwingine. Lyon akasema na wasichana wapate vivyo hivyo.

Mwaka 1834 alichukua mfuko wa mahameli wa kijani, akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuchangisha fedha za shule ya namna hiyo. Wa kwanza kuchanga walikuwa wanawake wa mji wa Ipswich. Maneno hayakukosekana: mwanamke gani huyu anasafiri peke yake akiomba pesa? Hakuacha. Kuna waliotoa dola 1,000, na kuna waliotoa senti 6, naye akapokea zote.

Novemba 8, 1837, chuo chake, Mount Holyoke, kilifunguliwa kwa wanafunzi wapatao 80, jengo lenyewe halijaisha. Ada ilikuwa dola 60 kwa mwaka, chakula kikiwemo. Iliwezekana kwa sababu wasichana walipika, walifua na kufagia wenyewe. Binti aliyekanda unga wa mkate ndiye huyo huyo aliyeingia darasani kusoma kemia, somo ambalo Lyon alilifundisha mwenyewe. Nyinyi mlionung'unikia zamu za jikoni, mnanisikia?

Lyon alifariki mwaka 1849. Chuo hakikufungwa, na mpaka leo kinafundisha wanawake.

Sasa, kama jengo la Lyon, mabweni mliyolala nayo yana michango ya waliowatangulia. Mkifika getini mtamkuta katibu wa umoja wa wahitimu, na daftari lake la michango mezani. Nimeshamuuliza: hakuna kiwango cha chini, na risiti anatoa.