INJINI IKIGONGA, TUISIKILIZE KABLA YA KUIFUNGUA
Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia, Utemini, Singida



Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa magari ya parokia. Mada hiyo ni pana, hivyo nitachukua jambo moja linalotugharimu sana: mlio mgeni katika injini ya pikapu kuukuu.

Wengi wetu tunatumia Toyota Hilux za dizeli zenye injini ya 2L, 3L au 5L. Umri umekwenda, lakini ndizo zinazobeba saruji ya zahanati, magunia ya alizeti na mgonjwa wa usiku. Dereva akisema "gari linagonga", mara nyingi kamati huletewa jibu moja tu: injini ifunguliwe yote. Hiyo ni gharama kubwa, na pengine kasoro ilikuwa ni mkanda uliolegea. Upo pia upande wa pili: kamati inaogopa gharama, gari linaendelea kutembea, na beringi ya bei ndogo inaua injini nzima. Makosa yote mawili yana dawa moja, nayo ni kusikiliza kwa utaratibu.

Maswali ya kumwuliza dereva

Kabla ya spana kushikwa, tuulize: Mlio unatokea injini ikiwa ya baridi au ya moto? Unaongezeka ukikanyaga mafuta hata gari likiwa limesimama, au ni mpaka gari litembee? Unabadilika ukikanyaga klachi? Ulianza lini, na siku hizo kitu gani kilifanyika: kubadili oili, kujaza mafuta mahali pageni, kupita kwenye maji?

Mlio unaosikika gari likitembea tu, hata injini ikinguruma taratibu, kwa kawaida hautoki kwenye injini. Tutazame beringi za magurudumu, propela na difu. Mlio unaokuja klachi ikikanyagwa, tuanze na beringi ya klachi. Maswali haya hayana gharama, na yanaweza kuokoa safari nzima ya gereji.

Hatua za uchunguzi

Kwanza, tupime oili. Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa kwa dakika chache. Ikiwa imepungua, tuongeze kabla ya kuwasha tena. Ikiwa nyepesi na inanuka dizeli, fundi aambiwe, kwa sababu oili ya namna hiyo hailindi beringi.

Pili, tutazame mikanda ya mbele. Kelele kali kama ya filimbi asubuhi mara nyingi ni mkanda uliolegea au kuchakaa. Fundi anaweza kuutoa na kuwasha injini kwa muda mfupi sana. Mlio ukipotea, chanzo ni mkanda wenyewe, alteneta au pampu ya maji, na injini haina haja ya kufunguliwa. Angalizo: katika Hilux nyingi za dizeli za zamani, pampu inayosaidia breki inaendeshwa pamoja na alteneta. Gari lisiendeshwe kabisa bila mkanda huo, maana breki zitakuwa ngumu.

Tatu, tutafute mahali mlio ulipo. Mafundi wetu hutumia bisibisi ndefu: ncha inagusa chuma, mpini unakaribia sikio. Mlio unasikika zaidi penye chanzo. Mikono, nguo na bisibisi viwe mbali na feni na mikanda.

Nne, tusikilize mwendo wa mlio. Kamshafti huzunguka mara moja wakati krenki inazunguka mara mbili. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 400. Kwa hiyo mlio mwepesi wa taka-taka, wa polepole kuliko mzunguko wa injini, unatokea juu, unaelekeza kwenye nafasi za valvu. Mlio wa puf-puf unaosikika injini ikiwa ya baridi na ukikanyaga mafuta, tukague gasketi ya eksosi. Masizi meusi huonyesha panapovuja.

Tano, nozeli. Nozeli mbovu hugonga kwa ukali, na mara nyingi huambatana na moshi mweusi au mweupe. Fundi hulegeza mrija wa nozeli moja baada ya nyingine, na mlio ukibadilika anajua silinda yenye kasoro. Kazi hii ni ya fundi peke yake. Dizeli yenye shinikizo kubwa inaweza kupenya ngozi, na hilo ni jeraha la kupelekwa hospitali mara moja. Tuangalie pia tunaponunua mafuta. EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili kudhibiti uchakachuaji. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hulainisha vibaya na huchakaza pampu na nozeli.

Mlio wa kusimamisha gari

Mlio mzito, kama nyundo inayopiga chini ya injini, unaozidi injini ikipata moto au ikibeba mzigo, ni dalili ya beringi za rodi. Hapo injini izimwe na gari livutwe. Likisimama mapema, huenda ikatosha kupima krenki na kubadili beringi. Likiendelea, rodi inaweza kukatika na kutoboa bloku. Ndivyo ilivyo pia taa ya oili ikiwaka: zima kwanza, uliza baadaye.

Tusidanganywe na ukimya pia. Mkanda wa taimingi wa injini hizi unaweza kukatika bila kupiga kelele, na ukikatika pistoni hugonga valvu. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwa gari lililonunuliwa likiwa limetumika, bila kumbukumbu, tuubadilishe tu.

Wajibu wa kamati

Naomba tuondoke na mambo matatu. Moja, kila gari liwe na daftari: tarehe, kilomita, oili, chujio na milio iliyosikika. Huku kwetu, vumbi la kiangazi likipita kwenye chujio bovu husaga pistoni na silinda. Chujio ni rahisi kuliko silinda. Mbili, kabla ya kuidhinisha fedha za kufungua injini, kamati ione kwa maandishi hatua zipi zimefanyika na nini kimeonekana. Wafadhili wetu nao watajua fedha imelipia nini.

Tatu, na hili ndilo kubwa, dereva apewe mamlaka ya kusimamisha gari bila kuogopa lawama. Usiku, akiwa na mgonjwa, uamuzi ni mgumu. Kamati ipange mapema gari lipi litaitwa na nani atapigiwa simu. Dereva asiye na pa kukimbilia ataendelea na safari huku injini ikigonga, na atakwama porini na mgonjwa wake.