Embu Si Mji wa Kupita Tu: Siku Moja Kando ya Rupingazi

Hii ni hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi wa Embu, katika kikao cha umma kuhusu utalii wa ndani. Tumeichapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Nimeombwa nizungumze kuhusu utalii. Najua neno hilo likitajwa, wengi wenu mnawaza simba, Mombasa na wageni wenye kamera shingoni. Leo sitawapeleka mbali hivyo. Nitawapeleka mtoni, mahali ambapo baadhi yenu mlipita asubuhi hii mkija hapa.

Kwanza niwaungamie jambo. Mimi nimelelewa upande wa Meru. Nilipokuwa nikisomea uanahabari Nairobi, nilipita Embu kila muhula, kwenda na kurudi. Matatu ilisimama hapa kama dakika 20. Tulinunua ndizi, tukanywa chai ya haraka, makanga akapiga bati la gari, tukaondoka. Kwangu Embu ilikuwa stendi na ndizi. Mtu angeniuliza siku zile kama mji huu una mto, ningemjibu kwamba una daraja.

Siko peke yangu. Barabara hii hupitisha watu wengi kutoka Nairobi kwenda Chuka, Chogoria, Nkubu na Meru. Wachache sana hulala hapa bila kuwa na harusi, mazishi au kesi. Ndiyo maana nataka tujiulize swali moja: mtu asiye na shughuli yoyote hapa, tumpe sababu gani ya kushuka garini?

Nilianza kulitafuta jibu Jumamosi moja mwezi Februari. Niliamka mapema nikaenda hadi daraja la Rupingazi, lile unalovuka ukitokea upande wa Mwea. Ilikuwa saa kumi na mbili unusu asubuhi. Mlima ulikuwa wazi upande wa kaskazini, vilele vyote vinaonekana, bila wingu. Anayeishi hapa anajua kwamba kufikia saa nne mlima huwa umeshajifunika. Chini ya daraja maji yalikuwa baridi na yalipiga kelele kwenye mawe. Ng'ambo ni Kirinyaga, huku ni Embu. Ndege mdogo wa buluu, wale wanaovua samaki, alikaa juu ya tawi akiyatazama maji. Niliposimama pale nilisahau kwamba stendi ya magari haiko mbali.

Nikaamua kuufuata mto kwa miguu. Hapo ndipo taabu ilipoanza.

Hatua za kwanza zilikuwa rahisi, kwa kuwa kuna njia ya wanaokwenda kuchota maji na kufua. Kisha nikafika kwenye shamba la nduma lililolimwa hadi majini, ikabidi nipande juu kuzunguka. Nikashuka tena, nikakuta ua wa mabati ulioingia mpaka ukingoni. Nikazunguka. Mbele kidogo kulikuwa na rundo la mifuko, chupa na nepi za watoto zikingoja mvua ya Machi izichukue. Baadaye ikaja mikaratusi, mirefu na mizuri kuitazama, lakini chini yake hakuna kitu kinachoota. Kwa mwendo wa saa nzima, nadhani nilitembea kando ya maji kwa dakika 15 tu. Muda uliobaki nilikuwa nikiutafuta mto huku nausikia.

Kwenye shamba moja la nduma nilimkuta mzee anapalilia. Nikamsalimu, nikamweleza ninachotafuta, kwamba natamani mgeni aweze kutembea hapa kwa utulivu. Akacheka.

"Mwanangu," akasema, "wewe ukitazama hapa unaona mahali pa kutembea. Mimi naona karo ya shule."

Sikuwa na jibu. Nilikwenda nalo nyumbani neno lile, na hotuba hii yote ni jaribio la kumjibu mzee yule.

Hebu sasa nitoke Embu kidogo. Nilipokuwa mwanafunzi nilioneshwa picha ya rangi ya mchoraji wa Ufaransa, Renoir. Inaonesha vijana wamekaa kwenye roshani ya mkahawa kando ya mto, wamemaliza kula, wanapiga soga. Aliichora mwaka 1880 na 1881 katika mji mdogo unaoitwa Chatou, kando ya mto Seine, karibu na Paris. Tangu miaka ya 1830, reli iliyotoka Paris ilipita hapo, na watu wa jijini wakapata desturi ya kwenda Jumapili kupiga makasia, kula na kupumzika. Chatou haikuwa na simba wala bahari. Ilikuwa na mto, chakula, na njia ya kufika na kurudi siku hiyohiyo. Mkahawa ule wa kwenye picha, Maison Fournaise, ungali umesimama hadi leo.

Ninayataja haya kwa sababu ya sheria yao moja. Kwenye mito ya serikali nchini Ufaransa, mwenye ardhi ya ukingoni haruhusiwi kujenga ua wala kupanda miti ndani ya mita 3.25 kutoka ukingo wa mto. Ardhi ni yake, hati ni yake, lakini ule ukanda mwembamba lazima abakize nafasi, wavuvi na waenda kwa miguu wapite. Mita tatu na robo ni upana wa gari na nafasi kidogo. Ukanda huo ndio unaomwezesha mtu asiye na shamba kuufikia mto.

Sisi je? Sisi tuna sheria pana zaidi, ila hatuitumii. Kifungu cha 62 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema mito ni ardhi ya umma. Nazo kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 ziliweka kipimo cha ukingo: upana sawa na upana wa mto wenyewe, usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30, kila upande. Kijito cha mita 3 kinadai mita 6. Mto wa mita 10 unadai mita 10. Ndani ya ukanda huo hairuhusiwi kulima, kujenga nyumba ya kudumu, kutupa taka, kukata miti ya kiasili, wala kupanda miti ya kigeni inayodhuru maji.

Nisiwadanganye hapo. Sheria yetu inalinda ukingo kwa ajili ya maji. Haimpi mgeni haki ya kupita shambani kwako bila ruhusa yako. Hiyo ina maana kwamba njia ya kando ya Rupingazi haiwezi kuletwa na tingatinga wala amri kutoka ofisini. Itapatikana shamba kwa shamba, jirani akikubaliana na jirani. Utalii wa ndani na bustani za umma ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kwa hivyo hatuwezi kukwepa. Lakini kaunti haiwezi kutoa ruhusa ambayo ni ya mwenye shamba.

Sasa turudi kwa mzee na karo yake. Tufanye hesabu bila kuona haya. Robo ekari ni kama mita za mraba 1,000. Ikiwa shamba hilo lina upande wa mita 25 mtoni, ukanda wa mita 6 unachukua mita za mraba 150. Hiyo ni karibu sehemu moja kwa saba ya shamba lote, tena ndiyo sehemu yenye unyevu mwaka mzima. Anayesema hilo ni jambo dogo hajawahi kuishi kwa robo ekari. Kwa hivyo tusiende mtoni na maneno matamu ya utalii tukamwambia mtu ang'oe nduma zake leo, kisha kesho angoje mgeni ambaye hatujui atakuja lini.

Hata hivyo, upande wa pili una hesabu yake pia. Udongo uliolimwa hadi ukingoni haukai. Mvua kubwa ikija, mto unaula, na robo ekari inapungua bila mtu kuipima. Udongo huo hausimami hapa. Rupingazi huingia Thiba, Thiba humwaga maji yake katika bwawa la Kamburu lililoanza kazi mwaka 1974, na kutoka hapo maji ya Tana hupita Gitaru, Kindaruma na Kiambere yakizalisha umeme. Ndugu zetu wa Mbeere wanaoishi kando ya mabwawa hayo wanapokea kila tunachotupa huku juu, ule udongo mwekundu na zile nepi pia. Na kiangazi kikiwa kirefu, wa kwanza kukosa maji ya nduma ni yule mwenye nduma.

Ukanda wa mto hauna budi kuwa na mimea, wala si lazima ukae bure. Nyasi zilizoachwa ziote zinaweza kukatwa kwa ajili ya ng'ombe bila jembe kugusa udongo. Mianzi hushika ukingo vizuri. Miti mingi ya kiasili hupendwa na nyuki, na mzinga hauhitaji shamba kubwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kitakacholipa karo kwa msimu mmoja, ndiyo maana nasema twende hatua kwa hatua: mwaka huu mistari miwili ya karibu na maji, mwaka ujao mingine.

Na yule mgeni, tumpe siku gani? Mimi ningemwambia hivi. Njoo Januari au Februari, kabla ya mvua ya masika. Nairobi ni kama kilomita 125, kwa hivyo ukitoka alfajiri unawahi kuuona mlima. Anza darajani. Tembea polepole, ukiwa na mwenyeji anayejua mashamba ni ya nani, umsalimu kila unayemkuta. Kisha nenda sokoni, ule nduma na chai, ununue parachichi na makadamia kwa waliozipanda. Mchana kaa chini ya miti pale Izaak Walton Inn, kwenye barabara ya kwenda Meru. Wengi wetu tumefanya mikutano na kula karamu pale bila kujiuliza jina lile ni la nani. Ni la Mwingereza aliyeandika kitabu maarufu kuhusu uvuvi wa ndoana mwaka 1653. Waliolichagua waliujua mji huu kwa mito yake, maana samaki aina ya trauti waliletwa kwenye mito baridi ya mlimani enzi za ukoloni, na watu walikuja kuwavua. Mji huu ulikwisha kuwa mji wa mto zamani. Sisi ndio tuliougeuzia mgongo tukatazama barabara.

Jioni mgeni arudi kwao, au alale. Hajaona simba, lakini amepumzika, na pesa alizotumia zimebaki kwa mama wa sokoni, kijana wa bodaboda na mwenye chumba cha kulala.

Ninawaomba mambo matatu. La kwanza, kabla hujapanda au kujenga karibu na mto, uliza kipimo. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ina ofisi hapahapa Embu. La pili, jiunge na chama cha watumiaji maji cha mto wako. Vyama hivyo vinatambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016, na hapo ndipo majirani wanaweza kukubaliana kuhusu njia bila kupelekana kortini. La tatu, taka zisitupwe mtoni. Hilo halihitaji kipimo, bajeti wala kikao.

Wiki mbili baadaye nilirudi kwa mzee. Nilimweleza kuhusu mita 6, nikamfanyia ile hesabu ya robo ekari. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameegemea jembe. Kisha akanyoosha mkono kuelekea ule ua wa mabati niliouzunguka.

"Leta mkanda wako wa kupimia," akasema. "Mimi niko tayari, tutapima pamoja. Lakini anzeni na pale."

Nilimwambia nitayafikisha maneno hayo. Leo nimeyafikisha, mbele yenu na mbele ya wakubwa wangu walioketi hapa. Kama tunataka wageni washuke garini na mto ubaki mto, basi mkanda uanzie kwenye ua wa mabati, ndipo uende kwenye nduma.