Hotuba ya Mgeni Rasmi Katika Ufunguzi wa Ghala la Chakula cha Mifugo, Rungwe



Kabla sijakata utepe nimeomba glasi ya maji. Si kiu. Hapa nina konzi ya pumba za mahindi niliyonunua asubuhi. Nazimimina. Mnaona? Pumba zimeelea, na kilichotua chini ni mchanga. Nimeuziwa mchanga kwa bei ya pumba, na mnunuzi mwenyewe nimesoma!

Ndugu zangu, Rungwe hatulii njaa ya majani. Kinachotuangusha ni kile tunachotia horini wakati wa kukamua. Wengi tunamwaga pumba tupu tukajiona tumemaliza. Pumba humpa ng'ombe nguvu, lakini maziwa yanadai na protini, nayo imo kwenye mashudu: ya alizeti kutoka Singida, ya pamba kutoka Kanda ya Ziwa, au soya kwa mwenye uwezo. Mashudu ya pamba msiwape kuku na nguruwe ovyo, maana yana sumu ambayo ng'ombe mkubwa huihimili kuliko wao.

Mchanganyiko wa gunia la kilo 100 si uganga: pumba kilo 70, mashudu ya alizeti 27, madini 2, chumvi 1. Geuza kwa koleo kwenye sakafu kavu mpaka rangi iwe moja. Kisha lisha kwa kuangalia ndoo ya maziwa. Ng'ombe wa lita 15 na wa lita 6 hawali kopo sawa. Ila usimwongezee kwa pupa. Chakula huchachuka tumboni, ng'ombe akagoma kula kabisa. Na maji yasikauke, kwani maziwa yenyewe karibu yote ni maji.

Hili la mwisho nalisema kwa ukali. Mahindi yaliyoota ukungu hatuyali sisi, basi tunampa ng'ombe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishii kwa ng'ombe. Inapita hadi kwenye maziwa, na hata ukiyachemsha haitoki. Anayeyanywa ni mtoto wako.

Ndugu Mwenyekiti wa chama cha wafugaji, glasi hii naiacha hapa mlangoni. Kila mzigo wa pumba ukiletwa, upimwe mbele ya muuzaji kabla hajalipwa, hata akiwa shemeji yako.

Baada ya kusema hayo, sasa natamka kwamba ghala limefunguliwa rasmi.