Tupime Kabla ya Kukata

Mada iliyotolewa na mratibu wa miradi kwa vikundi vya ushonaji na wajumbe wa kamati za sharika



Vikundi vyetu hupokea kazi za mapazia, hasa sikukuu zinapokaribia au watu wanapohamia nyumba mpya. Kazi hii ina faida, lakini inaweza pia kumaliza mtaji wa kikundi kwa siku moja. Kitambaa kikishakatwa hakirudi dukani. Kwa hiyo naomba tukumbushane mambo manne.

Kwanza, twende nyumbani kwa mteja. Tusipokee vipimo vya kuambiwa. Tutumie futi ya chuma, kwa sababu futi kamba ikizeeka huvutika. Kila dirisha lipimwe peke yake. Kimo kipimwe kushoto, katikati na kulia, kwani sakafu nyingine zimeinama. Tufuate kipimo kilicho kifupi, ili pazia lisiburute chini.

Pili, tupime bomba la pazia badala ya kioo. Bomba lizidi dirisha kwa sentimita 15 hivi kila upande, ili pazia likifunguliwa lisizuie mwanga na hewa. Hivyo dirisha la sentimita 150 litahitaji bomba la sentimita 180.

Tatu, tupange marinda. Upana wa kitambaa uwe mara 1.5 hadi 2 ya urefu wa bomba. Kwa mara 2, tunahitaji sentimita 360. Kitambaa chenye upana wa sentimita 150 kitakatwa vipande 3. Kwa mara 1.5 ni sentimita 270, na vipande 2 vinatosha. Pazia la kimo cha sentimita 210, tukiongeza sentimita 25 za pindo za juu na chini, linadai kipande cha sentimita 235. Vipande 2 ni mita 4.7, vipande 3 ni mita 7.05. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mita 2 kwa dirisha moja tu. Mteja aelezwe na achague mwenyewe kabla fedha hazijatoka. Kitambaa cha maua makubwa kiongezwe, ili maua yakutane kwenye mshono.

Nne, tujaribu kufua. Pamba hupungua. Tukate kipande cha sentimita 50, tukifue, tukikaushe na kukipima tena. Kikibaki sentimita 48, pazia la sentimita 210 litapungua zaidi ya sentimita 8. Kitambaa cha namna hiyo kifuliwe chote kabla ya kukatwa.

Vipimo vyote viandikwe kwenye daftari, na mteja atie sahihi. Mzozo ukitokea, daftari ndilo litakaloamua.

Ndugu wajumbe, tunapopanga bajeti ya vikundi, cherehani hukumbukwa. Futi ya chuma, daftari na nauli ya kwenda kupima husahaulika kwa urahisi. Naomba viingizwe katika bajeti ijayo, kwa kuwa ndivyo vinavyolinda mtaji tuliokwisha kuutoa.