Huko Ujerumani Kukoje?

Hotuba ya wanachama wanaoishi Ujerumani, iliyosomwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama

  

Tumepewa nafasi ya kusema machache kwa niaba ya wenzetu tulio Ujerumani. Kila tunapokuja likizo, tukishuka tu kwenye basi pale Mombo, kabla hata hatujaanza kupanda kona za kwenda Soni, tunakutana na swali lile lile: huko kukoje? Mara nyingi anayeuliza ameshajijibu. Anasubiri tuseme ni kuzuri, kisha tutie mkono mfukoni. Leo tunaomba tulijibu swali hilo vizuri, maana jibu lake linagusa mchango tuliokuja kuuzungumzia hapa.

Sisi na Wajerumani hatukuanza kujuana jana. Mji wetu wa Lushoto waliuita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Reli waliyoanza kuijenga Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905. Walikimbia joto la pwani wakapanda huku kutafuta hewa nzuri. Kwa hiyo wao walipotaka maisha mazuri walikuja kwetu, na sisi tulipoyataka tukaenda kwao. Wazee wetu waliobeba mizigo na kulipa kodi ya wakati ule hawakuonja uzuri huo. Nchi inaweza kuwa na reli na majumba, na watu wake wakabaki vile vile.

Basi maisha mazuri yanapimwaje? Tangu mwaka 1990 Umoja wa Mataifa hutoa ripoti inayozipanga nchi kwa mambo matatu: watu wanaishi miaka mingapi, wanasoma kiasi gani, na wana kipato gani. Katika ripoti ya 2023/24 Uswisi ilikuwa ya kwanza, Ujerumani ya 7, Marekani ya 20, na Tanzania ya 167 kati ya nchi 193.

Tuitazame Marekani hapo. Kwa kipato cha kila mtu, Marekani ni tajiri kuliko Ujerumani. Lakini mtoto anayezaliwa Ujerumani anatarajiwa kuishi takribani miaka 81, na wa Marekani hafiki hapo. Sheria ya taifa ya Marekani haimlazimishi mwajiri kumpa mama aliyejifungua likizo yenye malipo. Ujerumani mama mwajiriwa anapumzika wiki 6 kabla ya kujifungua na wiki 8 baadaye, na fedha yake inaingia. Hata sisi Tanzania sheria inampa mama mwajiriwa siku 84 zenye malipo. Tatizo letu ni kwamba wengi wa mama zetu hawajaajiriwa. Ajira yao ni shamba la viazi na kabichi.

Kuna nchi nyingine ambayo tungependa wanachama waijue: Costa Rica, huko Amerika ya Kati. Ni nchi ya milima na kahawa, na kipato chake kiko chini sana ya kile cha Marekani. Hata hivyo watu wake wanaishi takribani miaka 80, wakiwapita Wamarekani. Walianzisha mfuko wa bima wa taifa mwaka 1941, wakafuta jeshi mwaka 1948, na katika miaka ya 1990 wakaanza kupeleka timu ndogo za afya mpaka kwenye kata na vijiji. Hawakusubiri watajirike kwanza.

Sasa turudi Ujerumani, tuseme tuliyoyaona wenyewe. Mwezi wa kwanza tulipopokea mshahara tulidhani tumeibiwa. Karatasi ilionyesha kiasi kimoja, benki kikaingia kingine, kidogo zaidi. Tulipouliza tukaambiwa: hii ni ya matibabu, hii ya uzeeni, hii ya ukikosa kazi, hii ya kukutunza ukishindwa kujihudumia. Bima ya matibabu peke yake ni asilimia 14.6 ya mshahara, na juu yake kuna nyongeza ndogo. Mfanyakazi analipa nusu, mwajiri nusu. Mwenye mshahara mdogo anatoa kidogo, mwenye mkubwa anatoa zaidi, mpaka kiwango fulani. Utaratibu huu waliuanza mwaka 1883, wakati wa Bismarck, na wakati huo wafanyakazi wengi wa viwandani walikuwa maskini.

Tulinung'unika. Kisha mwenzetu mmoja akajifungua kwa upasuaji. Hakuna aliyeulizwa amana, hakuna aliyezunguka na kofia kwa marafiki, hakuna bahasha iliyopita chini ya meza. Alilala wodi moja na wanawake ambao waume zao wanalipwa mara tatu ya mume wake. Siku hiyo tukaelewa ile fedha ilikuwa imekwenda wapi.

Tusidanganyane kwamba kila kitu huko ni asali. Kodi ya nyumba inameza sehemu kubwa ya mshahara. Vyeti vyetu vinachukua muda mrefu kutambuliwa. Na upweke upo. Kati ya kila kaya 10 za Ujerumani, takribani 4 zina mtu mmoja tu. Tumeishi ghorofa moja na mzee ambaye hakuna aliyemgongea mlango kwa siku kadhaa, mpaka gari la wagonjwa likaja likiwa limechelewa. Huku kwetu mzee asipoonekana asubuhi barazani, jirani anatuma mtoto akamtazame. Hilo hakuna ripoti inayolipima, na tunaliona kuwa ni utajiri.

Wazee wetu wa Vugha walikuwa na kipimo chao. Kwa Kisambaa walisema *kuzifya shi*, kuiponya nchi, na kinyume chake *kubana shi*, kuiharibu. Hawakumpima mtawala kwa ukubwa wa zizi lake. Waliuliza: mvua imenyesha, chakula kipo, watu wanalala salama? Kwa kipimo hicho, tujiulize sisi tuliotoka, wa Dar es Salaam, wa Tanga na wa ng'ambo: tumeponya nini?

Tumejenga nyumba nzuri. Zipo, zimefungwa kufuli, tunalala humo wiki mbili za Desemba. Mbele ya nyumba hizo, masika iliyopita, wanaume sita walipita na machela kwenye utelezi. Barabara ilikuwa imekatika kwa maporomoko, gari haliwezi kupanda. Juu ya machela alikuwa binti yetu mmoja mwenye uchungu wa mimba ya kwanza. Alifika kituo cha afya akiwa hai. Mtoto hakufika. Matofali yetu hayakumsaidia, na fedha za rambirambi tulizotuma siku ya pili zilikuwa nyingi kuliko zile ambazo zingetosha kumlaza karibu na kituo wiki mbili kabla.

Ndiyo maana tunaunga mkono ombi la kamati: tujenge nyumba ya wajawazito kusubiria kujifungua, jirani na kituo cha afya, ili mama wa vijiji vya mbali ashuke mapema, kwa miguu yake, kabla ya machela. Iwe na vitanda, jiko, maji na choo kizuri.

Tunaomba pia tubadili namna ya kuchanga. Harambee ya kipaza sauti ina raha yake, lakini ahadi nyingi huishia ukumbini. Tunapendekeza kila mwanachama mwenye kipato atoe asilimia 1 kila mwezi, kimya kimya, kwa simu au benki. Mwenye 300,000 atatoa 3,000. Mwenye 3,000,000 atatoa 30,000. Hakuna mkubwa wala mdogo, wote wametoa sawa. Asiye na kipato atoe siku moja ya msaragambo: kusomba mawe, kuchota maji, kuchimba msingi. Na Mweka Hazina abandike mapato na matumizi ofisi ya kijiji kila baada ya miezi mitatu, ili hata bibi asiye na simu aweze kusomewa. Watu huchoka kuchanga wasipojua fedha imekwenda wapi.

Sisi wa Ujerumani tumeshaanza mwezi huu. Hatukuanza kwa sababu tunazo nyingi. Tumezoea tu kukatwa, na tumeona faida yake.

Mwakani tukishuka Mombo, tunaomba mtuulize tena huko kukoje. Na sisi tutauliza: na hapa je, nyumba ya wajawazito imefikia wapi?