Usiuze Picha, Uza Ruhusa



Katika mazungumzo ya juma hili nataka kuwatetea, na papo hapo kuwaonya, watu ambao kazi yao tunaiona kila siku bila kuwafikiria wao wenyewe. Nazungumza juu ya wapiga picha wa kujitegemea: wale wasioajiriwa na gazeti wala shirika lolote, wanaobeba kamera zao na kupanda matatu alfajiri kwenda kupiga picha za soko la Gikomba, za wavuvi wa Lamu au za foleni ya wapiga kura, kisha wakazunguka katika afisi za wahariri kutafuta mnunuzi.

Wengi wao wana ufundi usio na shaka. Picha zao zimo katika vitabu vya shule, kalenda, ripoti za mashirika ya misaada na kurasa za magazeti. Lakini mwulize mmoja wao aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka 20 amebakiwa na nini mkononi. Mara nyingi atakuonyesha kamera iliyochakaa na sanduku la picha ambazo hata yeye hajui haki zake ziko kwa nani. Je, tatizo liko wapi? Kwa maoni yangu, si kamera wala si jicho. Tatizo ni biashara.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika kazi hii methali hiyo imewaponza wengi. Picha nzuri iliyofungiwa sandukuni haimwiti mhariri. Na hata mhariri akija mwenyewe, mpiga picha asiyejua anauza nini hutoka pale na noti chache, akiwa ameacha nyuma shamba zima.

Basi anauza nini? Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo. Mpiga picha mwenye busara hauzi picha. Anauza ruhusa ya kuitumia. Mfikirieni mwenye nyumba ya kupangisha. Anapokea kodi, anakabidhi ufunguo, lakini hati ya kiwanja inabaki kabatini mwake. Mpangaji akihama, nyumba hupangishwa kwa mwingine. Picha nayo ni hivyo hivyo. Mwambie mchapishaji: nakupa ruhusa ya kuitumia picha hii mara moja, katika kitabu hiki, ndani ya ukurasa na si juu ya jalada, kwa nakala kadha wa kadha, hapa Kenya. Akitaka jalada, ni bei nyingine. Akichapisha toleo la pili au akitaka kuuza Uganda na Tanzania, mrudi mezani. Akitaka asiitumie mtu mwingine yeyote, na alipie upweke huo. Tuseme picha moja ya mama anayechuma majani ya chai huko Kericho inaombwa na mtengenezaji wa kalenda, mchapishaji wa kitabu cha jiografia na jarida la wakulima. Aliyeiuza moja kwa moja kwa wa kwanza amekula mara moja. Aliyeuza ruhusa amekula mara tatu, na picha bado ni yake.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na lisipojulikana huuma. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humpa mpiga picha hakimiliki ya picha aliyoipiga kwa shughuli zake mwenyewe, na kuilinda kwa miaka 50. Si lazima kwanza uisajili. Lakini kifungu cha 31 cha sheria hiyo hiyo kinasema kwamba kazi iliyoagizwa na mtu mwingine huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wahusika wawe wamekubaliana vinginevyo. Maana yake ni nini? Shirika likikutuma Turkana siku tatu kupiga picha za visima, na hamkuandikiana lolote, picha hizo ni mali yao. Ukizikuta mwaka ujao katika kalenda, huna la kusema.

Dawa yake ni karatasi moja tu. Kabla hujapanda gari, andika barua fupi: hakimiliki inabaki kwa mpiga picha, mteja anapewa ruhusa ya kuzitumia picha kwa kazi fulani, kwa muda fulani. Pande zote mbili zitie sahihi. Mteja mwema hatakasirika. Na anayekasirika kwa ajili ya mistari minne ya maandishi, ni vyema kumjua mapema.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1947, Robert Capa, Henri Cartier-Bresson, George Rodger, David Seymour na wenzao walianzisha ushirika wa Magnum. Walikuwa wamechoka kuona majarida makubwa yakichukua picha pamoja na haki zake zote. Wakaazimia kwamba hakimiliki itabaki kwa aliyepiga, na majarida yatalipia matumizi. Wale walikuwa mafundi wakubwa wa kamera, lakini uamuzi huo ulikuwa wa kibiashara.

Mfano mwingine ni wa hapa nyumbani. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianzisha Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, akiwa angali kijana kabisa. Wengi humkumbuka kwa filamu ya njaa aliyoipiga Korem, Ethiopia, mwezi Oktoba 1984, ambayo iliitikisa dunia. Wachache hukumbuka kwamba alikuwa pia mfanyabiashara hodari. Alifanya kazi ya televisheni, ya magazeti na ya vitabu, na Camerapix ikawa pia mchapishaji wa vitabu vya picha. Alipofariki katika ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na visiwa vya Komoro tarehe 23 Novemba 1996, aliacha hazina kubwa ya picha za bara letu. Aliweza kuiacha kwa sababu hakuitapanya.

Tukisema hazina, tusidhani ni rundo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Picha elfu kumi zisizo na maelezo hazina thamani kwa mhariri ambaye gazeti lake linakwenda mtamboni saa mbili zijazo. Anachotaka ni kujua nani yumo pichani, anafanya nini, wapi, tarehe gani, na jina limeandikwaje. Usiandike tu “wakulima wakivuna”. Andika ni mahindi au ngano, ni Kitale au Narok, ni mwezi gani wa mwaka gani. Siku hizi maelezo hayo huandikwa ndani ya faili lenyewe la picha, pamoja na jina lako na nambari ya simu, ili popote litakapofika lijieleze. Na faili hilo liwe na nakala mahali pawili, kwani kompyuta huibwa na nyumba huungua. Fanya kazi hiyo jioni ile ile uliyopiga picha. Baada ya mwezi utakuwa umesahau jina la kijiji.

Sasa tuje kwenye kutafuta soko. Wapo wanaompelekea mhariri picha 200 na kumwambia achague. Mhariri hana muda huo. Mpelekee 10 zilizo bora, za jambo moja, pamoja na orodha fupi ya mengine uliyo nayo. Soma kwanza gazeti au jarida lake. Hakuna aibu kubwa kama kumpelekea mwenye jarida la kilimo picha za mitindo ya mavazi.

Tena ijue kalenda kama mkulima anavyojua msimu. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na kila mwaka wahariri hutafuta picha za mafuriko au za ukame. Siku ya Maji Duniani ni tarehe 22 Machi, ya Malaria ni 25 Aprili, ya Ukimwi ni 1 Desemba. Kuna Madaraka, kuna Mashujaa, kuna Jamhuri. Na kila baada ya miaka mitano kuna uchaguzi. Majarida hupangwa miezi kadhaa kabla. Mwenye picha za zahanati na vyandarua akiandika barua mwezi Februari atasikilizwa. Akiandika tarehe 24 Aprili, amechelewa.

Afadhali pia ujulikane kwa jambo moja. Wapiga picha wa kila kitu ni wengi. Lakini wahariri wakijua kwamba fulani ndiye mwenye picha za bandari, au za shule za wafugaji, au za reli tangu ile ya zamani hadi hii mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, simu itakuja yenyewe.

Kuhusu bei, jihadharini na maneno matamu ya “hatuna fedha, lakini tutakuandika jina”. Jina lako kuandikwa chini ya picha ni haki yako, si malipo. Sijamwona mwenye nyumba anayepokea kodi kwa jina. Na ukishapatana, toa ankara siku hiyo hiyo, ikitaja picha, matumizi, muda wa ruhusa na siku ya mwisho ya kulipa. Kisha ifuatilie kwa adabu, bila kuona haya. Wengi hukosa fedha zao kwa kuogopa kupiga simu ya pili.

Wako wanaotegemea mawakala wa picha wa ng'ambo na maghala ya intaneti. Sina ubaya nao; humfikisha mtu wa Eldoret kwa mnunuzi wa London. Lakini someni mkataba. Mara nyingi fungu la mpiga picha ni chini ya nusu ya malipo, na katika maghala ya bei nafuu picha moja huweza kumletea senti tu. Angalieni pia kama wanataka haki ya pekee, na kwa muda gani. Picha ya kawaida ya machweo inaweza kwenda huko. Picha ambayo wewe peke yako unayo, izuie.

Na kuweka picha katika mitandao si kuigawa bure. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliikumba Haiti. Daniel Morel, mpiga picha mzaliwa wa nchi hiyo, alikuwa Port-au-Prince, akaziweka picha zake katika Twitter, kama ulivyoitwa mtandao huo wakati ule. Mtu mwingine akazinakili kama zake. Shirika la habari la AFP likazichukua, na Getty Images ikazisambaza. Morel alikwenda mahakamani, na Novemba 2013 baraza la mahakama huko New York liliamua alipwe zaidi ya dola milioni 1.2. Alishinda, lakini hesabuni miaka: karibu minne. Asiye na maelezo, daftari wala uvumilivu asingefika mbali.

Kuna mpaka mmoja ambao hatupaswi kuuvuka. Picha ya habari au ya kitabu ni jambo moja. Tangazo la biashara ni jambo jingine. Mama uliyempiga picha sokoni kwa ajili ya gazeti hakukubali kutangaza sabuni. Ukitaka picha itumike katika tangazo, mweleze, akubali, atie sahihi. Kwa watoto, watafute wazazi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Septemba 2023 afisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Lakini hata faini isingekuwapo, anayedai haki yake kwa mhariri hana budi kuiheshimu haki ya yule aliye mbele ya kamera.

Neno langu la mwisho ni kwa wahariri na wachapishaji wenzetu. Mnapochukua picha bila kuandikiana, au mnapochelewesha malipo miezi sita, mnadhani mmeokoa fedha. Mnachofanya ni kumsukuma mpiga picha auze kamera yake na kutafuta kazi nyingine. Ikiwa hivyo, baada ya miaka 30 wajukuu wetu watakapotaka kuiona Nairobi ilivyokuwa kabla ya barabara ile ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, wataitafuta katika maghala ya ng'ambo, na watauziwa historia yao wenyewe.

Na wewe mpiga picha, leo usiku fungua lile sanduku. Chagua picha 20. Ziandikie nani, nini, wapi, lini. Kando ya kila moja andika ni nani uliyempa ruhusa, na kwa kazi gani. Ukikuta ziko ambazo hukumpa mtu, hizo ndizo mtaji wako. Hadi juma lijalo, kwaherini.