Mbegu Iliyobadilishwa: Wanafunzi Wetu, Kamera na Sayansi



Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walinionyesha filamu ya sekunde 30 waliyoiandaa kwa shindano letu la picha. Mbegu ya maharage imelala juu ya pamba, ndani ya glasi. Inavimba, ganda linapasuka, mzizi unachungulia kisha unapinda kwenda chini. Darasa zima likapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye sekunde ya 11, pale mbegu iliporuka. Doa jeusi lililokuwa ubavuni mwake halikuwapo tena. Nilipouliza, kijana mmoja akainamisha kichwa. "Ile ya kwanza ilioza, mwalimu. Tukaweka nyingine."

Sikuja hapa kuzungumzia aina za kamera. Simu ya kawaida inatosha, hata iliyopasuka kioo. Nimekuja kwa ajili ya ile mbegu iliyooza. Sayansi ilikuwa ndani yake, na sisi walimu ndio tuliowafundisha watoto kuificha. Tangazo la shindano, nililolibandika kwa mkono wangu, lilisema tunatafuta "picha nzuri kuliko zote". Walileta kilichoombwa.

Kazi yenyewe walikuwa wameipigia hesabu barabara. Picha moja kila dakika 10 ni picha 144 kwa siku. Kwa siku 5 ni 720. Ukizipitisha 24 kwa sekunde, unapata sekunde 30. Hesabu hiyo waliifanya bila kusukumwa, watoto walewale wanaosinzia kwenye uwiano.

Basi tukaanza upya, safari hii na swali: kwa nini ilioza? Glasi tatu, mbegu nne kila moja. Ya kwanza pamba kavu, ya pili pamba yenye unyevu, ya tatu maji mpaka yakafunika mbegu. Zote mbele ya kamera moja, simu imefungwa kwa mpira kwenye stendi ya maabara, taa inawaka usiku na mchana ili mwanga usibadilike. Usiku wa tatu umeme ulikatika na picha zikatoka nyeusi. Hawakuziondoa. Waliandika juu ya weusi ule, "Umeme ulikatika", wakaendelea. Mbegu za majini zilivimba kama zile za kwenye unyevu, kisha zikatulia tuli, maji yakaanza kuwa na ukungu. Mbegu nayo inahitaji hewa ili iote: hilo lipo kwenye kitabu chao, walikwisha kulikariri, lakini siku ile waliliona.

Filamu ya pili si nzuri kama ya kwanza, nakiri. Ila uzuri na thamani havitembei pamoja kila mara. Mei 1952, katika King's College London, mwanafunzi Raymond Gosling, aliyekuwa akifanya kazi chini ya Rosalind Franklin, alipiga kwa miale ya eksirei picha iliyokuja kuitwa Picha ya 51. Ni madoa yaliyopangika kama herufi X, basi. Mwamuzi wa mashindano yetu angeipita bila kugeuka, na ndiyo iliyosaidia kufichua umbo la DNA.

Wala sisemi uzuri tuufukuze. Harold Edgerton, mhandisi wa MIT, alihangaika miaka mingi na tone la maziwa linaloanguka, mpaka mwaka 1957 akalinasa kwa rangi likiwa limesimama kama taji. Uzuri ule ulitokana na kulenga wakati: mwanga uwake kwa kitambo kidogo mno, tone likiwa pale panapotakiwa. Mwanafunzi mwenye simu ya kurekodi mwendo wa polepole anaweza kujaribu kwa sahani na kijiko. Atakosa mara thelathini, na kila akikosa atajifunza jambo kuhusu mwanga.

Mfano wa karibu zaidi ni mpira. Angusha mpira kando ya rula ya mita na urekodi. Simu nyingi hupiga fremu 30 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu tatu ni sehemu ya kumi ya sekunde. Tafuteni mahali mpira ulipo: karibu sentimita 5, kisha 20, kisha 44. Mtoto aliyeyaona mapengo yale yakipanuka hahitaji kuhubiriwa mchapuko. Rula isiposimama sambamba na njia ya mpira, au kamera ikiwa karibu mno, vipimo vitapinda. Hapo ndipo penye mjadala.

Tahadhari moja. Septemba 1, 2016 jua lilipopatwa, watu walifurika Rujewa, mkoani Mbeya, kulitazama likiwa kama pete. Siku kama ile mtoto asilielekezee jua jicho wala simu bila kichujio maalumu. Atoboe tundu dogo kwenye boksi, apige picha ya pete ndogo inayoangukia karatasi. Au apige ardhi chini ya mti: kila upenyo kati ya majani huchora pete yake.

Kuhusu alama, mimi sasa natoa nusu kwa daftari la upigaji: saa, umbali, kilichobadilishwa, kilichoharibika. Wenzangu wengine wanaona ni nyingi mno, tubishane baadaye.

Filamu zote mbili ninazo hapa. Baada ya chai nitazionyesha, na ile ya kwanza nitaisimamisha sekunde ya 11, muione mbegu inavyoruka.